Mjadala: Ruzuku ya serikali iende kwenye mbolea ya DAP au kwenye chokaa ya shambani?

Wakulima wenzangu wa Kakamega, Bungoma, Vihiga na Siaya, mimi nasema sehemu kubwa ya pesa za ruzuku ihamie kwenye chokaa, ule unga wa mawe unaopunguza asidi ya udongo. Nalima mahindi na maharagwe huku Malava, kwa hiyo jambo hili linanigusa sufuriani.

Ndugu yetu wa Butere ameandika hapa kwamba ukigusa DAP watu watalala njaa msimu huohuo. Hoja yake ni nzito. Bei ya ruzuku iliposhushwa hadi shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50 mwaka 2023, hata mwenye robo ekari aliweza kununua. Lakini tuangalie gunia hilo linafanya nini likishaingia ardhini. DAP ni 18-46-0, yaani asilimia 18 naitrojeni na asilimia 46 fosfeti, chakula cha mizizi; maana yake kilo 50 zina kilo 23 za fosfeti. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5 (pH ni kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi inapanda), aluminiamu iliyomo udongoni huyeyuka, huikamata fosfeti hiyo na kuunguza ncha za mizizi. Ng'oa mche wa mahindi wiki chache baada ya kuota: majani yana rangi ya zambarau pembeni, mizizi ni mifupi na minene. Zambarau ni dalili ya kukosa fosfeti, kwa hiyo mwenye shamba akiiona huambiwa aongeze DAP. Na naitrojeni ya DAP yenyewe, ikigeuka kuwa naitreti, huacha asidi zaidi. Tumepanda kwa mbolea hiyohiyo miaka na miaka, halafu tunashangaa kwa nini mavuno hayapandi. Tena pH 4.5 ina asidi mara kumi ya 5.5, si tofauti ndogo.

Maharagwe ndiyo huumia mno. Vinundu vya mizizini vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani havistawi kwenye asidi kali.

Sisemi chokaa ni chakula cha mmea. Mbolea bado inatakiwa, na samadi pia. Nasema chokaa itangulie, ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya mvua ya masika, ndipo mbolea tunayonunua itufae.

Dada wa Bumula ameuliza nani atabeba mzigo, kwa sababu shamba dogo tu linaweza kuhitaji magunia mengi. Kweli, chokaa ni nzito na usafiri ndio unaoua bei. Ndiyo maana nataka ruzuku ilipie lori. Machimbo ya Koru yako hapa Kisumu, wala hatusubiri meli Mombasa.

Suala la mashamba ya kukodi halijazungumzwa vya kutosha. Chokaa hufanya kazi kwa misimu kadhaa, lakini aliyekodi ekari kwa msimu mmoja ataiwekaje, faida ivunwe na mwingine? Wengine wanasema basi mwenye ardhi alipe. Wazee wengi huku wanakodisha ili wapate karo ya wajukuu au pesa za hospitali; huyo mzee atatoa wapi? Kitu ambacho hakuna mtu mmoja anayenufaika nacho vya kutosha hadi akilipie peke yake ndicho hasa kodi yetu inapaswa kulipia.

Ila siungani na wanaotaka kila ekari imwagiwe chokaa bila kupima. Majani chai ya Vihiga yanapenda asidi, na chokaa ikizidi hufunga zinki, madini ambayo mmea unayahitaji. Kaunti iwape maafisa wa kilimo wa wadi vifaa vya kuchukua sampuli, na majibu yarudi kabla ya watu kuanza kulima, si baada ya palizi.

Ndugu wa Butere na wote mnaotetea DAP peke yake, nijibuni hili: kama fosfeti ya gunia la shilingi 2,500 inakwama ardhini bila kufika kwenye mzizi, ruzuku hiyo imemlisha nani?