Masikio yananilia usiku, na herufi za wanafunzi zinanipotea: naomba ushauri

Maalim wa Wete
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 52, na kwa miaka 14 sasa ninasomesha chuo cha Kurani baada ya kuacha useremala. Tangu mwezi wa Rajabu masikio yangu yote mawili yanalia mlio mwembamba, mfano wa nyenje aliyejificha ukutani, ambao mchana husahaulika lakini baada ya isha, nyumba inapotulia, hunikosesha usingizi. Wazee wananiambia kwamba ninasemwa. Jirani amenipa mafuta ya habasoda niyatie masikioni, nami bado sijayatia.

Linaloniumiza zaidi ni jengine, ambalo sijui kama lina uhusiano na mlio huu. Mtoto anaposoma mbele yangu sauti yake naisikia vizuri, ila herufi za Kiarabu thaa na siin zimeanza kunifanana, na juzi nilimsahihisha binti aliyekuwa amesoma sawasawa. Yeye alininyamazia kwa adabu. Mwenzake ndiye aliyenieleza. Je, haya ni maradhi mawili au ni moja, na nianzie wapi?

Tabibu wa masikio, Unguja
Waalaykumu ssalaam, Maalim. Mafuta usiyatie, kwa sababu ngoma ya sikio ikiwa na tundu yatapita hadi ndani na kudhuru. Naomba kwanza unijibu: useremala uliufanya miaka mingapi, na kwa mashine?

Maalim wa Wete
Miaka 17, kwa randa na msumeno wa umeme. Kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga kufika Pemba mwaka 2010, jenereta ya karakana ilikuwa ikinguruma nyuma yangu kutwa nzima. Masikioni sikuvaa kitu.

Tabibu wa masikio, Unguja
Basi yaelekea ni jambo moja, Maalim, ingawa kipimo ndicho kitakachothibitisha. Ndani ya sikio, katika mfereji uliojikunja mfano wa konokono, mna seli zenye vinyweleo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo, na seli hizo zikishakufa kwa binadamu hazioti tena. Kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) huhesabiwa kuwa inavumilika kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 94, ambazo mashine ya kuranda huzifikia kwa urahisi, ni saa moja tu. Zinazotangulia kufa ni seli za sauti nyembamba. Irabu ni nzito, ndiyo maana sauti ya mtoto unaisikia. Lakini thaa, siin na faa zinatambulikana kwa ule mvumo mwembamba wa pumzi, na huo ndio unaokupotea.

Ubongo nao, unapokosa ishara uliyoizoea, huongeza usikivu wake wenyewe, na wataalamu wengi wanaona kwamba mlio huzaliwa hapo. Hakuna anayekusema, Maalim.

Nenda kliniki ya masikio, pua na koo, hata ikibidi kuvuka. Omba uangaliwe nta, kisha upimwe usikivu kwa mashine, na uwatajie dawa zote ulizowahi kutumia, hasa sindano za jentamaisini, kwinini, au aspirini kwa wingi. Mlio ungekuwa wa sikio moja tu, au unaokwenda na mapigo ya moyo, au usikivu ungepotea ghafla kwa siku moja au mbili, ningekwambia uende leo hii, kwa sababu uziwi wa ghafla hutibika vyema zaidi katika siku za mwanzo.

Fundi boti, Mkoani
Mimi nimeishi na mlio huo miaka mingi kwa sababu ya mashine za boti. Usilale katika kimya kitupu. Feni au redio ya chini inatosha. Na vijana uliowaachia karakana wavae vizibo vya masikio.

Ukhti wa Konde
Maalim, mama yangu alikuwa na hali kama yako, na kilichomsaidia ni vifaa vya kusikilizia. Hakuna dawa iliyouondoa mlio wake, lakini aliporudishiwa sauti za nje, mlio ulififia hata akawa hautaji. Mwezi wa mwanzo alivichukia, kwa sababu hata majani ya mnazi yalimpigia kelele, nasi tukawa tunamsihi avivae kutwa, si anapokuja mgeni tu.

Maalim wa Wete
Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. Mafuta nimemrudishia jirani kwa shukurani, na Jumatatu, inshaallah, ninapanda boti. Yule binti nimemtaka radhi mbele ya wenzake. Mpaka nipimwe, mwanafunzi wangu mkubwa atakaa ubavuni pangu wakati wa kusikiliza, na panapokuwa na thaa au siin, neno lake ndilo litakalofuatwa.