MJADALA: Gene alilitikisa tawi makusudi?

Kizimkazi:
Nimemaliza riwaya ya *A Separate Peace* ya John Knowles (1959) na moyo haujatulia. Kwa ambao hawajaisoma: shule ya bweni ya Devon, New Hampshire, kiangazi cha 1942, wavulana wanangoja umri ufike waende vitani. Finny hashindwi mchezo wowote, Gene ni kipanga wa darasa, wanalala chumba kimoja. Wanapanda mti wa kando ya mto waruke pamoja. Gene anakunja magoti, tawi linatikisika, Finny anadondokea ukingoni na mguu unavunjika. Michezo basi tena. Mwandishi hatamki kama ilikuwa makusudi. Mimi nasema ni makusudi, na ni wivu mtupu. Nyie?

Fundi Chaki:
Makusudi yapi, ndugu yangu? Magoti yalikunjika kabla kichwa hakijaamua. Halafu Gene huyo huyo alikwenda mpaka kwa kina Finny, karibu na Boston, akakiri mbele yake. Finny ndiye hakutaka kusikia.

Kizimkazi:
Alikiri, kisha akayameza maneno yake. Na usiku ule mwanafunzi mwenzao Brinker alipomweka kitimoto mbele ya wenzao, mbona hakusema? Leper, mwenzao mwingine, akaja kueleza alichokiona siku ya mti, Finny akatoka kwa hasira, akaanguka kwenye ngazi za marumaru, mguu ule ule. Akafa wakati daktari anauunga mfupa, uboho ukaingia kwenye damu. Sasa huyo ni rafiki?

Mama Wawili:
Nyote mnaruka penyewe. Gene aliamini Finny anamvuruga asisome ili asiwe wa kwanza. Alishafeli trigonometria baada ya kuvutwa kwenda ufukweni. Akajipa moyo kwamba basi wote wanaoneana kijicho, ngoma droo. Siku ya mti, Finny anamwambia abaki asome, hakujua kama anahitaji kupiga msuli, alidhani akili zinamjia zenyewe. Kumbe mwenzake hajawahi kushindana naye hata siku moja! Hapo ndipo Gene alipoumia. Ndiyo maana NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, walifuta orodha ya wanafunzi kumi bora, watoto walikuwa wanachukiana.

Tindo:
NECTA wamefikaje New Hampshire? Na ile kumi bora si ilifutwa 2021 huko?

Fundi Chaki:
Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne ya 2022. Na sababu haikuwa chuki za watoto. Walisema haina tija kulinganisha watu ambao hawakusoma katika mazingira sawa. Dada, tusibandike sababu zetu.

Mchanga wa Pwani:
Uamuzi mbovu kabisa. Mimi ni zao la shule ya kata. Tulikuwa na mwalimu mmoja wa hisabati, maabara ni chumba kitupu. Mtoto wa kata akitajwa redioni, kijiji kizima kinajua inawezekana. Mmetunyang'anya hata hilo, halafu mnajificha nyuma ya wivu wa wazungu.

Mama Wawili:
"Mmetunyang'anya" nani? Mimi nimelea wanangu kwa kuuza vitenge. Na hao watoto wa kata walitajwa mara ngapi, kaka? Orodha ilijaa shule za ada kubwa, wakaitumia kama tangazo la biashara.

Mchanga wa Pwani:
Kwa hiyo kwa vile walikuwa wachache, hata hao wachache wasitajwe. Sawa mama, tumekuelewa.

Nyamira:
Huku Kenya Waziri wa Elimu Kaimenyi alifuta orodha 2014. Furaha ya wazazi haikuisha, matokeo yakitoka mwanafunzi bado anabebwa juu juu mbele ya kamera. Ukifuta orodha hujafuta mioyo.

Kizimkazi:
Jamani, mti.

Tindo:
Mti upi tena, tuko baraza la mitihani. Ila Mchanga, kijiji kizima kinajua inawezekana, na yule aliyekaa dawati moja na huyo aliyetajwa je? Mimi ndiye niliyekaa dawati hilo. Alikuwa swahiba wangu. Jina lake liliposomwa nilimpongeza, na usiku sikulala kwa chuki. Hakunikosea chochote.

Fundi Chaki:
Pole, Tindo. Basi kumbuka lile bwawa la kuogelea. Finny anavunja rekodi ya shule bila mazoezi, shahidi ni Gene peke yake, kisha anamkataza kumwambia mtu. Mbona hakuna aliyeligusa? Wivu wa Gene ulishiba kwa kile kimya, si kwa kutangazwa. Angetangazwa angemchukia kidogo tu, kama watu wote.

Mchanga wa Pwani:
Mwalimu, usinichanganye. Kwa hiyo kutangaza ni dawa? Mbona mwanzo ulikuwa upande wa NECTA?

Fundi Chaki:
Sikuwa upande wowote, nilisahihisha mwaka.

Mama Wawili:
Na mimi bado nangoja jibu. Walitajwa mara ngapi?

Mchanga wa Pwani:
Hata angetajwa mmoja. Wewe kwenye vitenge hukuanza na mteja mmoja?

Kizimkazi:
Tindo, swahiba wako ulikuja kumwambia?

Tindo:
Hapana. Ndiyo maana Gene simwiti muuaji.