Hamira inaondoa risasi kwenye maji ya kisima?

BiMaandazi: Wakuu, habari zenu. Nauza maandazi huku Tanga, hamira kwangu haikauki. Jirani anayeyusha betri kuukuu za gari apate risasi, ile metali yenye sumu, ya kutengenezea chubwi za wavuvi. Maji ya betri anayamwaga chini ya mwembe, hatua kama ishirini toka kisima changu. Mwanangu kanionyesha kwenye simu kwamba Marekani hamira inanasa risasi majini. Nikasema, kumbe dawa ninayo jikoni! Nikatia vijiko viwili kwenye ndoo, nikaacha hadi asubuhi. Maji meupe kama tui la pili, nimechuja kwa kanga, bado meupe. Risasi imetoka?

MpimaMaji: Dada, habari hiyo ni ya kweli. Mwaka 2021 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walionyesha gramu moja ya hamira kavu, tena iliyokufa, inanasa hadi miligramu 12 za risasi, na kwa dakika chache tu. Haiili. Ngozi ya chembe ya hamira ina chaji hasi, risasi ina chaji chanya, basi inagandia pale.

Ila huo weupe ndio balaa. Ni hamira yenyewe imepenya kanga, na kama imenasa risasi, imepenya nayo. Ukinywa umeinywa. Wenzetu baadaye waliifungia hamira kwenye vidonge vya jeli vya nusu milimita, wakavijaza kwenye mrija. Maji yanapita, hamira inabaki.

BiMaandazi: Nikichemsha je?

MpimaMaji: Usithubutu kutegemea hilo! Moto unaua vijidudu, risasi haiguswi. Maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni maikrogramu 10 kwa lita, huwezi kuiona wala kuionja. Peleka sampuli maabara ya maji, kwa sasa tumia ya bomba. Na ya kwenye ndoo usimwagie mchicha.

MwanaPwani: Mnahangaika na ndoo, jirani kesho anamwaga tena. Mimi nauliza kuhusu watoto. Vumbi la risasi linaingia kwa mikono michafu kuliko hata kwa maji. Wanacheza hapo?

BiMaandazi: Embe zikidondoka wanaokota pale pale, wanakula bila kuosha. Naenda kwa mjumbe sasa hivi. Sampuli nibebe kwenye chupa ya soda?

MpimaMaji: Hapana, maabara watakupa chupa yao.