Kaka kauza shamba la baba, sasa anataka tushikane mikono Pasaka

Mchungwa: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Baba alipofariki, ukoo ulimpitisha kaka mkubwa awe msimamizi wa mirathi. Shamba la machungwa kule Muheza, lililotusomesha wote, kaliuza kimyakimya. Mimi nilijulia kwa mchuuzi wa pale Ngamiani: "Dada, mbona shamba lenu lina tajiri mpya?" Sikuambulia hata shilingi, na mdogo wetu akasimama chuo.

Sasa kaka anamtuma mama: yaliyopita si ndwele, Pasaka tukutane, tushikane mikono. Mama analia kwenye simu, "Mwanangu, nisife mkiwa hivi." Chuki imenichosha, kweli. Ila nikisema nimemsamehe, ndiyo nimekubali na shamba limeliwa? Na hiyo "si ndwele" mbona anaisema aliyekula?

Mtumishi wa Chumbageni: Dada, tusamehe hata saba mara sabini, Mathayo 18. Na Paulo katika 1 Wakorintho 6 anauliza kwa nini tusikubali kudhulumiwa kuliko kushtakiana. Achilia. Mungu atakupa shamba jingine.

Bibi Korogwe: Mtumishi, na ada ya huyo kijana utalipa wewe? Mathayo 18 hiyohiyo ianzie mstari wa 15. Ndugu akikukosa mwendee, mwonye mkiwa wawili. Asiposikia, chukua mashahidi, ndipo kanisa. Sijaona palipoandikwa unyamaze.

Mjukuu wangu, mtazame Yusufu. Nduguze aliwapa nafaka, na fedha yao akairudisha maguniani, lakini hakujitambulisha upesi. Alificha kikombe gunia la Benyamini aone kama watamtupa mdogo wao walivyomtupa yeye. Yuda aliposema nibakie mtumwa mimi, kijana aende kwa baba, hapo ndipo Yusufu akaangua kilio. Hakuwa na kisasi, wala hakuwa mjinga. Esau naye alimkumbatia Yakobo, mdogo wake aliyemlaghai, kisha Esau akarudi Seiri, Yakobo akaenda Sukothi. Mimi na dada yangu tuko hivyo. Harusini tunacheza pamoja, ila pesa zangu zinakaa wapi hajui.

Karani Mstaafu: Kama aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, alipaswa kupeleka orodha ya mali, fomu namba 5, ndani ya miezi 4, kisha hesabu, fomu namba 6, kwa muda mahakama inaopanga. Kuuliza hesabu si ugomvi, ni wajibu wake.

Mchungwa: Bibi, shikamoo, na asante. Mama nimemwambia Pasaka naja, lakini kaka nitamwona kabla, sisi wawili tu, wifi asiwepo (akiwepo hatutaongea, tutasutana). Nitamwambia sina kinyongo naye tena, na hilo silirudishi hata akikataa kulipa. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Mimi nataka ada ya mdogo wetu, basi. Karani, hizo hesabu naulizia Muheza au hapa Tanga mjini?

Karani Mstaafu: Mahakama ileile iliyomteua. Nenda na namba ya shauri la mirathi, bila hiyo watakuzungusha.