Chambo cha mti kinapinduka nikirambaza: nianzie wapi?

Mwalimu wa Tanga ameuliza:

Ndugu zangu wavuvi, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu hapa Tanga, na kila Jumamosi huingia baharini na baba mdogo katika ngalawa yake, tukarambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, nje ya miamba kutafuta samaki kama nguru na sehewa. Chambo bandia cha dukani ni ghali kwa mtu anayevua siku moja tu kwa wiki, na nguru mmoja mwenye meno makali, au jiwe moja la chini, hutosha kukipoteza. Ndiyo maana tangu kusi ilipolegea nimeamua kujifunza kutengeneza vyambo vyangu mwenyewe.

Hadi sasa nimetengeneza viwili. Cha kwanza nilikichonga kwa kipande cha mwembe nilichopewa na fundi wa mitumbwi, urefu wa shubiri moja, nikakipaka rangi kwa siku mbili na kuyachora magamba moja moja. Tulipokishusha nyuma ya ngalawa kililala ubavu, kisha kikaanza kuzunguka kama keekee, na tulipouvuta mshipi tuliukuta umejisokota kiasi cha kulazimika kuukata. Cha pili kilikwenda vizuri zaidi na samaki alikigonga kweli, lakini skrubu yenye pete niliyoipachika mkiani ilichomoka pamoja na ndoana, nikabaki na mti mtupu wenye alama za meno.

Naomba kuelekezwa. Je, tatizo ni aina ya mti, ni umbo, au ni ule ulimi wa plastiki nilioubandika chini ya kidevu? Na je, kwa anayeanza, ipo aina nyingine ya chambo ambayo ingekuwa rahisi zaidi kuliko hii ya kuchonga?

Mrambazaji wa Pemba amejibu:

Mwanangu mwalimu, huo mti wenye alama za meno usiutupe. Utazame vizuri, kwani naamini utaona kwamba meno yamepita nyuma, karibu na mkia. Nguru ana desturi ya kumkata samaki mdogo sehemu ya nyuma ili asiweze kukimbia, halafu hugeuka kumla. Ndoana iliyokaa katikati ya tumbo peke yake humkosa mara nyingi, kwa hiyo uliweka ndoana mahali panapofaa. Kilichokuangusha ni namna ulivyoishikiza.

Swali lako la mwisho ndilo ningelitanguliza. Sisi tulipofundishwa kurambaza tukiwa watoto hatukuanza na mti. Tulianza na manyoya ya jogoo mweupe, na hadi leo sijaona chambo kinachomfundisha mtu haraka zaidi ya hicho. Unachukua ndoana yenye mpini mrefu, unaifunga waya kwa sababu ya meno ya nguru, kisha unapanga manyoya ya shingo kuizunguka, yakielekea nyuma na kuipita ncha ya ndoana kwa upana wa vidole viwili, na unayakaza kwa uzi imara mizunguko ishirini hivi. Mbele yake unatia chubwi, yaani kizito cha mshipi, ndogo yenye tundu. Ukikosa manyoya, fumua mfuko wa sandarusi: zile nyuzi zake nyeupe hazinyonyi maji, nazo hutawanyika vizuri zinapovutwa.

Baada ya manyoya, tengeneza cha kijiko. Hapa siongei kwa mfano, nasema kijiko hasa cha kulia. Huko Marekani mtu aitwaye Julio Buel alipata hataza ya chambo cha namna hii mwaka 1852, na umbo lenyewe halijabadilika sana tangu wakati huo. Kata mpini kwa msumeno wa chuma, lainisha ukingo kwa tupa, kisha toboa tundu moja kila upande. Kijiko cha chuma cha pua ni kigumu, hivyo weka alama kwanza kwa ncha ya msumari ili keekee isiteleze, tia tone la mafuta, na uende polepole. Ukiharakisha, chuma hupata moto, kikazidi kuwa kigumu, na ncha ya keekee ikafa. Mshipi ufungwe upande mwembamba na ndoana iwe upande mpana. Baina ya mshipi na kijiko weka kiungo cha kuzunguka, kwa kuwa kijiko kikivutwa kasi kupita kiasi nacho hupinduka na kuusokota mshipi kama mti wako ulivyofanya.

Kijiko kitakufunza jambo ambalo rangi haiwezi kukufunza. Ukikikunja zaidi kidogo, kitayumba sana katika mwendo wa taratibu; ukikinyoosha kidogo, kitastahimili upepo unapozidi na ngalawa inapokwenda mbio. Badilisha kitu kimoja tu kila safari, uandike ulichobadilisha. Mti uache hadi mwakani.

Fundi wa Kilifi amejibu:

Nakubaliana na mzee wetu kuhusu manyoya na kijiko, ila kwa heshima zote sikubaliani naye kwamba mti uachwe hadi mwakani. Mwalimu tayari anajua kuchonga, na makosa yake mawili yanarekebishika. Mimi ni seremala, na vyambo vyangu vitano vya mwanzo vyote vilipinduka kama hicho chake, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kile ambacho ningependa kuelezwa wakati ule.

Kosa la kwanza ni mti wenyewe. Mwembe unafaa kwa mtumbwi, lakini kwa chambo ni mzito. Chambo hakipinduki pale ambapo mgongo wake ni mwepesi na tumbo lake ni zito, yaani kiwe na mkuku kama chombo kingine chochote cha baharini. Ukianza na mti mzito, huna nafasi ya kuongeza risasi tumboni bila kukizamisha chote. Tafuta msufi mkavu, au hata kandambili nene za zamani uziunganishe kwa gundi. Lauri Rapala wa Ufini, ambaye jina lake wavuvi wengi wa pwani hulitumia kwa chambo chochote cha namna hii, alichonga chake cha kwanza mwaka 1936 kwa gamba jepesi la koki akitumia kisu cha mshona viatu, akakifunika kwa karatasi ya fedha ya chokoleti, na juu yake akapaka utando wa filamu za picha zilizoyeyushwa. Nalieleza hili kwa sababu wapo wanaodhani kazi hii inahitaji karakana.

Kosa la pili ni skrubu. Katika mti laini skrubu haina cha kushika, na nguru wa kilo kumi ataichomoa bila taabu. Waya ni lazima upite ndani ya mwili wote, kutoka puani hadi mkiani, ili samaki avute waya na si mti. Pasua tumbo kwa msumeno mwembamba kwa urefu wote mpaka ufike nusu ya unene wake. Chukua waya usioshika kutu wa unene wa milimita moja na nusu hivi, ukunje pete puani, pete tumboni na pete mkiani, kisha uulaze ndani ya ule mpasuo. Waya wowote ambao hujaujua, uweke kwanza katika kikombe cha maji ya bahari kwa wiki nzima; ukitoa kutu, utafutie kazi nyingine.

Sasa risasi, na hapa ndipo ninapowaona wengi wakikosea kwa kukosa subira. Kabla ya kuziba mpasuo, ning'iniza ndoana zako zote mahali pake, kwa kuwa nazo ni uzito, kisha funga vipande vya risasi chini ya tumbo kwa utepe na ukiweke chambo katika beseni la maji ya bahari. Usitumie maji ya bomba, kwani maji ya chumvi hukibeba chambo juu zaidi nawe utadanganyika. Kilaze ubavu kwa kidole, ukiachie. Kikirudi wima mara moja, umepata. Kikirudi kwa kusitasita, sogeza risasi au ongeza kidogo. Mimi huweka sehemu kubwa mbele kidogo ya katikati, baina ya kidevu na ndoana ya tumbo; ikikaa nyuma mno, tezi (nyuma) huzama, omo (mbele) huinuka, na ulimi haushiki maji ipasavyo. Ukiridhika, chimba shimo mahali hapo, tia risasi, ziba mpasuo wote kwa gundi ya epoksi, na usiuguse mpaka kesho yake.

Ulimi nao nakata katika CD za zamani. Plastiki yake ni imara na ina unene wa milimita 1.2, kwa chambo cha shubiri moja nabandika tabaka mbili. Ichovye kwanza katika maji ya moto, kisha ikate kwa mkasi ikingali na joto, la sivyo itapasuka vipande. Ulimi unaoelekea chini karibu wima hukipitisha chambo karibu na uso wa maji kwa kuyumba sana, na ule unaolala kuelekea mbele hukipeleka chini zaidi. Lakini hata uwe mzuri namna gani, ukiwa umepinda upande mmoja kwa unene wa kucha tu, chambo kitazunguka. Piga mstari wa katikati kwa penseli kuanzia puani hadi mkiani kabla ya kuchonga chochote, na usiufute hadi mwisho.

Rangi ije mwisho kabisa, baada ya kukichovya chambo katika vanishi mara tatu na kukikausha kila mara, kwa sababu mti ukinywa maji huvimba na kuipasua rangi yote. Mgongo wa buluu iliyokoza na tumbo jeupe vinatosha, kwani ndivyo alivyo kibua na ndivyo alivyo chuchunge. Magamba yako yalikuwa mazuri, sina shaka, ila nguru ana sekunde moja tu ya kuamua, na katika sekunde hiyo anatazama namna kitu kinavyokwenda.

Muuguzi wa Bagamoyo amejibu:

Naomba kuongeza jambo moja, kwani risasi imetajwa mara nyingi bila tahadhari. Mume wangu huyeyusha vile vipande vya kusawazishia magurudumu anavyopata gereji, na ilinibidi nimkataze kufanya hivyo jikoni. Kazi hiyo ifanyike nje penye upepo, nawe usimame upande unakotoka upepo, kwa chombo ambacho hakitapikiwa tena chakula maishani. Vipande na kalibu ya kumiminia viwe vikavu kabisa: risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na tone la maji likiingia ndani yake hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni. Ukiikata au kuisugua kwa tupa, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto. Kwa watoto wadogo madini haya huharibu ukuaji wa ubongo, na madhara hayo hayarudi nyuma. Ikiwezekana, nunua chubwi zilizokwisha kutengenezwa uzikate kwa koleo, usiyeyushe kabisa.

Mwalimu wa Tanga ameandika tena:

Shikamoo mzee wangu, na nawashukuru sana ndugu zangu wengine. Nimefuata ushauri wa pande zote mbili. Kijiko kimeshatupatia sehewa watatu, wawili kati yao katika asubuhi moja ya maji mafu. Nimechonga pia kipya cha msufi chenye waya ndani, na risasi nimeikata kwa koleo kama dada alivyoshauri. Kwenye beseni kinarudi wima papo hapo. Baharini hakizunguki tena, ila kila tukikivuta kinakwenda upande wa kushoto mpaka kinakaribia kuingia chini ya mrengu, ule ubao wa pembeni wa ngalawa. Mstari wa katikati nimeupima upya, nao umenyooka. Je, nianze upya?

Fundi wa Kilifi amejibu:

Usianze upya, mwalimu. Hapo umebakiwa na kazi ya dakika moja. Shika ile pete ya pua, unapofungwa mshipi, kwa koleo dogo, uipinde kidogo sana upande ulio kinyume na kule kinakokimbilia. Kwa kuwa chako kinakwenda kushoto, ipinde kulia. Nasema kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni vizuri. Kishushe tena majini karibu na ngalawa, ukitazame kwa umbali wa pima mbili, na urudie hadi kinyooke. Angalia pia kama ndoana ya tumbo haijanasa kwenye ulimi, maana hiyo nayo hukivuta upande.

Mrambazaji wa Pemba amejibu:

Marahaba, mwanangu. Fundi amesema sawa kuhusu pete, na kuhusu mti namkubalia. Kikishanyooka, usikifunge tena moja kwa moja kwa fundo linalobana pete. Acha kitanzi kilicho huru ili pua icheze. Na safari ijayo kipeleke alfajiri, upepo wa matlai ukianza kuvuma, ukirambaza sambamba na ukingo wa mwamba badala ya kuuvuka.