Kuku wa haradali ya Dijon: mchuzi unakatika, wageni Jumapili. Naombeni ushauri

Kijana wa Pasua: Habari za jioni wakuu. Niko Moshi. Nataka kupika kuku kwa haradali ya Dijon na krimu. Nimejaribu mara mbili, mchuzi unakatika, yanabaki mabonge na maji. Ule ukali wa kupanda puani nao umepotea, umebaki uchachu tu. Wageni wanakuja Jumapili, leo Alhamisi. Nakosea wapi?

Mama Kiboriloni: Mwanangu, kuku wa kienyeji unamharibia nini? Kitunguu, nyanya, chumvi, kuni. Kaka yangu alipooa tulipika masufuria sita hivyo hivyo, mvua ikatunyeshea jikoni, na hakuna aliyebakiza mfupa.

Jiko la Njoro: Unaichemsha haradali, ndiyo kosa. Ukali wake unaruka na mvuke. Kuku aive kwanza, punguza moto, weka krimu isitokote, haradali iingie mwisho unapoepua. Lakini ni krimu kweli?

Kijana wa Pasua: Ni mtindi. Krimu bei imenishinda.

Jiko la Njoro: Sasa ungesema mapema! Mtindi ukitokota lazima ukatike. Ukoroge na kijiko cha unga wa ngano kabla ya kuumimina.

Mwalimu Mstaafu: Dijon ni mji wa Ufaransa. Mwaka 1856 Jean Naigeon wa huko aliacha siki akatumia maji ya zabibu mbichi, ndipo ladha yake ikajulikana. Na punje ya haradali tunayoisoma Mathayo 13, vijana wengi hawajawahi kuishika mkononi.

Ummu Tanga: Kaka, siku hizi chupa nyingine zinatiwa divai. Umesoma maandishi ya nyuma? Na wageni ni akina nani?

Kijana wa Pasua: Ni wageni wa kawaida tu.

Ummu Tanga: Wa kawaida hawamkoseshi mtu usingizi. Sema.

Kijana wa Pasua: Ni wazazi wa mchumba wangu, wanatoka Korogwe. Ni Waislamu. Chupa imeandikwa divai nyeupe. Lakini ni kijiko kimoja, na pombe motoni inaisha. Mchumba ameshawaambia nawapikia chakula cha Ulaya, siwezi kurudi nyuma.

Ummu Tanga: Umeambiwa hapo juu usiichemshe, sasa hiyo pombe itaisha saa ngapi? Hata ukiichemsha haiishi yote. Usiwalishe watu wasichokijua, siku wakijua hutakuwa na wakwe.

Mzee wa Mbege: Mimi wakwe zangu walikuja na madumu yao wenyewe. Dogo, umekosea kabila tu hapo.

Mama Kiboriloni: Na dini mmeshakubaliana? Hilo ndilo la kuuliza kabla ya kuku.

Mtaa wa Soweto: Wakuu, hii chai. Mtu krimu imemshinda bei, chupa ya Ufaransa kaitoa wapi? Kajiunga jana.

Mzee wa Mbege: Chai yenye tangawizi.

Kijana wa Pasua: Mimi ni mpishi msaidizi wa safari za mlimani. Mgeni aliposhuka aliniachia chupa, alisema kuku wangu pale kambi ya Horombo alikuwa mzuri, nijaribu kumpika mwingine na hii. Nimejiunga jana kwa sababu jana ndiyo nilisoma neno divai. Sina mtu wa kumuuliza nyumbani.

Jiko la Njoro: Nakuamini. Nenda maduka ya viungo ya Wahindi, ulizia mbegu za haradali nyeusi. Saga, changanya na maji ya baridi, ya moto yanaua ukali. Subiri dakika kumi, ndipo utie siki na chumvi. Leo itakuwa chungu, usiogope, ikikaa siku mbili inatulia. Usiku huu usikupite.

Mtaa wa Soweto: Tuwekee picha basi.

Kijana wa Pasua: Nimepata robo kilo, natwanga sasa hivi, macho yananitoka machozi. Chupa sijaitupa. Nimeiweka juu ya kabati.

Ummu Tanga: Mwambie mchumba wako ilipo.