Ushauri: Nimeomba kumpeleka mzee White House, kimya wiki mbili

Mwana_wa_Fundi: Wakuu, heshima kwenu. Naishi Houston mwaka wa sita. Mzee wangu amekuja kutoka Moshi na ana haja moja tu: kuingia White House. Sebuleni kwetu kuna picha ya Mwalimu na Kennedy, Julai 1963, aliikata gazetini akiwa kijana. Nimepeleka maombi ofisi ya mbunge wa jimbo langu, hadi leo kimya. Wenye uzoefu, huwa wanajibu baada ya muda gani? Sipati usingizi.

Mama Neema: Mungu akubariki mwanangu. Wengine wakifika huko hata simu ya mzazi hawapokei.

Kitasa: Maombi hupelekwa siku 21 hadi 90 kabla, na ziara ni bure, usitoe hela kwa mtu. Ila mzee ni raia wa wapi? Wageni huelekezwa kupitia ubalozi wa nchi yao pale Washington.

Mwana_wa_Fundi: Mtanzania. Nilimjaza pamoja nami fomu moja. Sioni shida, mwenyeji wake ni mimi.

Babu wa Pwani: Msibebe mkoba! Mimi nilijisahau nikaenda nao, na hakuna pa kuuacha. Mke wangu akaingia na watoto, mimi nikabaki nje nimeukumbatia saa nzima. Hadi leo wananisimulia vyumba.

Kitasa: Mkuu, kimya cha wiki mbili hakimnyimi mtu usingizi. Majina umeandika kama yalivyo kwenye pasi?

Mwana_wa_Fundi: Basi niseme. Pasi ina majina mawili na 1 Januari 1945, maana alipoandikishwa hakuna aliyejua siku. Mimi nimejaza majina matatu, na tarehe ya masika aliyokuwa akiitaja bibi. Mzee ndiye aliyeomba: "Wakiniandika, waniandike vizuri." Tutabeba cheti cha ubatizo. Na ndege na hoteli nimeshalipia, jamani, sirudi nyuma.

Kitasa: Getini hawasomi ubatizo. Secret Service wanakagua yale yaliyotumwa, na kitambulisho lazima kifanane nayo.

Nyundo77: Hii chai. Mwezi uliopita huyu huyu alikuwa Dar anauliza bei ya kiwanja Kigamboni. Na Nyerere kwa Kennedy wapi na wapi?

Mwalimu Mstaafu: Kiwanja sikijui. Lakini Mwalimu alikwenda kwa Kennedy, Julai 1963, miezi minne kabla Kennedy hajauawa. Hilo si chai, kijana.

Nyundo77: Sawa, Mwalimu. Mleta mada ajibu la Kigamboni.

Mwana_wa_Fundi: Nilikuwa likizo, nilimfuata mzee, na kiwanja ni chake. Sasa hivi yuko hapa mezani, ametandaza gazeti, anapaka viatu rangi mara ya tatu leo. Nitunge hiyo kwa faida gani?

Babu wa Pwani: Mimi namwamini. Viatu hivyo nawajua wazee wake.

Kitasa: Andika leo hii, tuma picha ya ukurasa wa pasi, sema umekosea. Waulize pia ubalozini. Na mweleze mzee kwamba Ubawa wa Mashariki, walikokuwa wakiingilia wageni, ulibomolewa Oktoba 2025, asije akautafuta. Mkikosa kabisa, White House Visitor Center iko jirani, haihitaji maombi, na ndani kuna vitu vya nyumba yenyewe.

Mwana_wa_Fundi: Vitu si nyumba, mkuu. Anataka kukanyaga aliposimama Mwalimu.

Mama Neema: Basi andika mwanangu, acha kubishana.

Mwana_wa_Fundi: Nimeandika kote kuwili. Mzee nimemweleza habari ya tarehe. Amefunika kopo la rangi polepole, akaniuliza: "Kwa hiyo huku mimi ni wa Januari?" Nikamjibu ndiyo, baba. Akasema sawa, mradi jina la babu yako tulitamke tukiwa ndani.